Gharama ya Kumtunza Mzee: Ni Nani Anayeilipa?

Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, baada ya Misa ya asubuhi, mimi na katekista wetu huwapelekea Komunyo Takatifu wazee na wagonjwa wasioweza kufika kanisani. Huku Mabogini njia hiyo hutupitisha kando ya mifereji ya mpunga, kisha katika mitaa mipya ambako juzi palikuwa shamba na leo pana nyumba za kupanga. Nyumba hutofautiana, lakini jambo moja nimelikuta karibu kila tunapobisha hodi: kitandani yupo mzee, na pembeni yake yupo mtu mmoja tu. Mara nyingi ni binti, au mke, au mkamwana. Ndiye anayetupokea, ndiye aliyetandika kitambaa cheupe mezani na kuwasha mshumaa, na tukiondoka ndiye anayebaki.

Katika nyumba mojawapo nilimfahamu mama aliyepatwa na kiharusi. Kwa miaka sita binti yake wa pili alimlisha, alimwosha na kumgeuza usiku na mchana. Kabla ya hapo binti huyo alikuwa na meza yake ya mboga sokoni. Mwaka wa kwanza wa ugonjwa aliifunga. Kaka zake waliokuwa mbali walituma fedha walipokumbushwa, na mama alipolazwa hospitalini walichanga bila kusita. Mama alipofariki walikuja wote. Yalikuwepo maturubai, sare, mpiga picha za video, na chakula cha kushibisha mamia. Katika mahubiri niliwasifu watoto kwa kumpa mama yao mazishi ya heshima. Binti yule sikumtaja. Siku ya tatu baada ya maziko kikao cha ukoo kiliketi juu ya nyumba, na binti akaelezwa kwa upole kwamba mwenye nyumba ni mdogo wao wa kiume, hivyo aanze kutafuta pa kwenda. Alikuwa na miaka 53, hana mtaji, hana akiba, na mgongo wake unauma kwa kumwinua mtu mzima miaka sita.

Nimebadili mambo machache ili familia hiyo isitambulike. Naisimulia kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa pale mimbarini, na kwa sababu kosa langu ni la wengi. Gharama ya hospitali tunaijua, na gharama ya mazishi tunaijua hadi shilingi ya mwisho. Ile iliyo katikati, ya miezi na miaka ya kumtunza mzee asiyejiweza, hatuijui, kwa kuwa yupo mtu anayeilipa kimya kimya kwa niaba yetu sote.

Miaka inaongezeka, na magonjwa ni ya muda mrefu

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,861,934 katika mkoa wa Kilimanjaro, na sehemu ya wazee miongoni mwetu ni kubwa kuliko wastani wa taifa. Sababu zake tunaziona kwa macho. Watu wanaishi miaka mingi zaidi, familia zinazaa watoto wachache kuliko zamani, na vijana wanaondoka. Kihamba kilichogawanywa kizazi baada ya kizazi hakiwatoshi tena wajukuu, basi wanakwenda Arusha, Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo. Wazee waliowasomesha kwa fedha ya kahawa waliyouza kwa miaka mingi kupitia chama chetu cha ushirika, KNCU, wamebaki na migomba yao. Kahawa ilijenga shule na makanisa, lakini haikumwachia mkulima pensheni.

Huku bondeni mambo yanafanana. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani kati ya mwaka 1984 na 1987, uliwaleta watu wengi katika majaruba ya Mabogini, Rau ya Kati, Oria na Chekereni. Aliyekuwa na miaka 35 mifereji ile ilipofunguliwa, leo amekwisha kuvuka 70. Mpunga nao haukumwachia pensheni.

Wazee hawa huuguaje? Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti waliwafuatilia wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya jirani ya Hai na katika jiji la Dar es Salaam. Baada ya kulinganisha umri, walikuta Hai wagonjwa karibu 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam karibu 316. Mjini ni mara tatu ya kijijini, wala kijijini si salama. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2013, uliwapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi katika wilaya hiyo hiyo ya Hai, na ukakuta kwamba takribani sita katika kila mia wana ugonjwa wa akili wa uzeeni, ule unaomfanya mtu asahau njia ya nyumbani na hata jina la mwanawe. Wapo ambao bado tunawadhania wamerogwa, au kwamba wanafanya makusudi.

Magonjwa haya hayaishi kwa kulazwa wiki mbili. Daktari hufanya kazi yake, kisha mgonjwa hurudishwa nyumbani akiwa hai, hajiwezi, na huenda akaishi hivyo miaka mitano au kumi. Hapo ndipo gharama halisi inapoanza.

Mlimani, mjini na bondeni

Kule mlimani, Kibosho, Uru, Kilema au Marangu, mzee ana mambo ambayo mjini hayanunuliki. Ana migomba yake, ana maziwa ya ng'ombe wa nyumbani, anapata mtori bila kwenda dukani, na jirani anapopita kwenye kijia humsalimu kwa jina la ukoo wake. Lakini miteremko ile ile iliyo mizuri machoni ni mateso kwa mgonjwa. Ili afike barabarani hubebwa, na wa kumbeba hawapo. Kijana aliyebaki ni mjukuu wa darasa la sita. Gharama ya kijijini hulipwa kwa nguvu za mwili na kwa muda. Kwa kuwa haitoki mfukoni, tunasema haipo.

Mjini kila kitu kina bei. Mtoto anayemchukua mama yake kwenda naye Dar es Salaam hufanya hivyo kwa upendo, na apewe sifa yake. Lakini asubuhi yeye na mwenzake huenda kazini, geti hufungwa, na bibi aliyezoea kupalilia kihamba hubaki sebuleni mbele ya televisheni pamoja na dada wa kazi ambaye pengine ni mtoto aliyetolewa shule kijijini. Hapo gharama imehamishwa kutoka kwa tajiri kidogo kwenda kwa maskini zaidi: msichana yule anailipa kwa masomo yake.

Sisi wa Mabogini tuko kati ya hawa wawili. Bei zetu zinakaribia kuwa za mjini, na kipato chetu bado ni cha shamba. Wengi wetu tulitoka kwingine, mlimani, Upareni na mikoa mingine, kwa ajili ya mpunga au kazi za miwa kule TPC, kwa hiyo ukoo uko mbali. Kwa wazee wengi wa hapa, ndugu wa karibu ni jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo.

Tufanye hesabu ya mfano, kila nyumba iirekebishe kwa bei zake. Mgonjwa asiyejizuia huhitaji nepi tatu kwa siku, zile tunazoziita pampasi. Tukisema moja ni shilingi 1,500, kwa mwezi ni 135,000. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha 60,000 kwa mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri. Tuweke hiyo, ingawa anayemhudumia mgonjwa usiku na mchana hufanya kazi ya watu wawili. Dawa za presha na kisukari, sabuni, maji, chakula laini na bodaboda ya kwenda kliniki, tuseme 80,000. Jumla ni 275,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 3,300,000. Kwa miaka sita ni 19,800,000, kabla ya kulazwa hata mara moja.

Sasa tumrudie binti wa mwanzo. Yeye hakulipwa hata zile 60,000. Tena aliacha meza yake. Kama faida ilikuwa 5,000 kwa siku, kwa siku 25 za mwezi alipoteza 125,000, na kwa miaka sita 9,000,000. Nina shaka kama yupo kaka yake mmoja aliyetoa kiasi hicho. Hata hivyo, orodha ya wachangiaji iliposomwa msibani, jina lake halikuwamo.

Amri ya nne inagusa mfuko

Tumezoea kuifundisha amri ya kuwaheshimu baba na mama kama amri ya watoto wadogo: kuamkia, kutii, kutojibu vibaya. Bwana wetu aliielewa kwa upana zaidi. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, aliwakemea Mafarisayo kwa sababu waliruhusu mtu atangaze kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wake ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na hivyo asiwape kitu. Tuangalie vizuri: jambo lililobishaniwa pale lilikuwa fedha. Kwa Yesu, anayewanyima wazazi matunzo ameivunja amri ya Mungu, hata kama fedha ile ameipeleka hekaluni. Nasema hivyo nikijua kwamba mimi ni padre, na kwamba nami husimama mbele yenu kuomba michango ya ujenzi.

Mtume Paulo anapomwandikia Timotheo juu ya wajane, katika sura ya 5 ya waraka wa kwanza, anataka watoto na wajukuu wajifunze kwanza kurudisha fadhila kwa wazazi wao, ili Kanisa lisielemewe na liweze kuwasaidia wasio na mtu. Ndiyo mpangilio wenye hekima: familia ibebe, na Kanisa libebe pale familia isipokuwepo au isipoweza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2218, inafundisha kwamba watoto waliokwisha kukua wanawajibika, kadiri wawezavyo, kuwapa wazazi msaada wa mali na wa moyo katika uzee, ugonjwa na upweke. Na Yoshua bin Sira, sura ya 3, anatuagiza kumvumilia baba hata akili zake zinapopungua. Mzee asiyelikumbuka jina lako bado ni baba yako.

Juu ya msalaba Yesu alimkabidhi Mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, naye tangu saa ile akamchukua nyumbani kwake. Hakungoja majonzi yapite ndipo kikao kiamue. Alipanga matunzo ya Mama angali hai, kwa mtu anayejulikana, mbele ya mashahidi.

Wapo watakaosema kwamba kupiga hesabu za fedha juu ya mama mzazi ni kumdharau, kwa maana upendo hauhesabiwi. Naheshimu hisia hiyo, lakini nimeona kwamba aisemaye mara nyingi si yule anayemgeuza mgonjwa usiku wa manane. Tunahesabu ili mzigo ugawanywe. Mzazi hadaiwi kitu. Hesabu ya wazi huwalinda pia watoto walio mbali. Nao wana kodi na karo, na wengine wametuma fedha kila mwezi wakaja kukuta mama amelala juu ya godoro lililochanika, wasijue fedha ilikwenda wapi. Mahali ambapo kila mtu anaona kilichoingia na kilichotoka, shutuma hupungua.

Serikali na somo la wengine

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema wazi kwamba mtunzaji wa kwanza wa mzee ni familia na jamii, na makao ya wazee ni kimbilio la mwisho. Serikali imeahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, inayo makao kama yale ya Njoro hapa Moshi, na mwaka 2023 ilitungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Haya ni mema. Lakini bima humlipa daktari na dawa. Haimlipi anayemwosha mgonjwa.

Ndugu zetu wa Zanzibar walianza mwezi Aprili 2016 kumlipa pensheni kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi, awe aliajiriwa au la: shilingi 20,000 kwa mwezi, ambazo baadaye zilipandishwa hadi 50,000. Kenya ilianza mwaka 2018 kuwapa wazee wa umri huo shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Tanzania Bara haina bado pensheni ya namna hiyo kwa wote. Hata ikija kwa kiwango cha Zanzibar, itakuwa chini ya sehemu moja ya tano ya hesabu yetu ya mfano. Itafaa sana, nasi waamini tunao wajibu wa kuidai kwa wawakilishi wetu kwa adabu na bila kuchoka. Lakini haitaiondoa kazi ya familia.

Wajapani, ambao Mabogini tunawafahamu kwa mifereji yao, nao walikuwa na desturi ya kumwachia mkamwana wazee wa nyumba nzima. Walipoona wanawake wanachoka na wazee wanalazwa hospitalini miezi mingi bila sababu ya tiba, walianzisha bima ya matunzo ya wazee mwezi Aprili 2000. Kila mtu aliyefikisha miaka 40 huichangia. Hatuna uwezo wa Japani, ila somo lao tunaweza kulitumia kesho: matunzo ya mzee ni kazi yenye gharama, na gharama yake ichangiwe na wengi, tena mapema.

Tunaloweza kuanza nalo

Kwanza, kila familia ifanye kikao mzee angali na nguvu zake, naye awepo na asikilizwe. Tuulizane: akianguka, atakaa wapi na nani? Kila mtoto atatoa kiasi gani, tarehe gani? Mtunzaji atapumzika lini? Na swali tunalolikwepa: baada ya maziko, mtunzaji ataishi wapi? Desturi ya Kichagga ya kumwachia mtoto wa mwisho wa kiume nyumba ya wazazi ilikuwa na maana, kwa kuwa ndiye aliyebaki kuwatunza. Ikiwa leo aliyebaki ni binti, haki inadai tuitazame upya, na mzee anaweza kuliandika hilo katika wosia. Kama ndugu wamekwisha kukoseana, majani ya isale bado yanaota katika mipaka ya vihamba vyetu, nasi tunajua yanatumika kwa kazi gani.

Pili, jumuiya ndogo ndogo zigeukie walio hai. Tunachanga rambirambi kwa haraka ya kupendeza. Tuwe na mfuko wa matunzo unaochangwa kwa bidii ile ile. Na panapokosekana fedha, tutoe saa. Watu wawili wakikaa na mgonjwa alasiri moja kila wiki, mtunzaji ataweza kwenda Misa, sokoni, au kulala. Akina mama wa WAWATA wanaifanya kazi hii tayari katika maeneo mengi. Naomba UWAKA nao waingie, kwa sababu kumwinua mgonjwa kunahitaji mikono yenye nguvu, na Injili haikusema kwamba huruma ni kazi ya wanawake. Wauguzi tulio nao parokiani watufundishe namna ya kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya kulala muda mrefu.

Tatu, sisi mapadre tujirekebishe. Jumapili ya nne ya Julai ni Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, aliyoianzisha Baba Mtakatifu Fransisko mwaka 2021. Siku hiyo tuwaite mbele ya altare watunzaji pamoja na wazee, tuwabariki. Tunapopeleka Komunyo, tumuulize na mtunzaji kama anahitaji kuungama, na yeye hali yake ikoje. Na katika mazishi, tuwataje waliotunza kabla ya kuwashukuru waliochanga.

Wiki chache baada ya maziko yale nilimwendea binti nikamwomba msamaha. Alinijibu kwamba hakuwa amengoja kutajwa kanisani. "Baba Padre," akasema, "ningepata tu mtu wa kunipokea usiku mmoja kwa mwezi, nilale." Kwa miaka sita, katika jumuiya ya familia zaidi ya ishirini, hakupatikana mtu wa usiku huo mmoja. Hata mimi sikuwahi kumtafuta.

Mpendwa msomaji, pengine unamjua anayetunza mzee katika mtaa wako. Wiki hii usimwulize kama anahitaji msaada, maana atasema hapana. Mwambie siku utakayokuja. Mwenyezi Mungu awabariki wazee wetu, na awatie nguvu wanaokesha pembeni yao.